Pikapu mbili, sauti ya tatu

Taarab ina pahala pake pa kimya. Fidla zinashuka, ganuni inamalizia kupita, dumbak inasita, na mwimbaji anavuta pumzi kabla ya kushika ubeti. Ni sekunde mbili tatu tu, lakini ukumbi mzima huwa unazisubiri. Usiku ule, kwenye harusi moja ya Kikwajuni, hapa mjini Unguja, sekunde hizo zilijaa gita langu. Wala sikuwa nimegusa uzi. Lilikuwa linavuma lenyewe, mmmmm, na mzee wetu wa akodiani akageuka taratibu, tabasamu la wageni likiwa bado usoni, akaniuliza kwa chinichini, "Yakhe, leo umekuja na kinyozi?"

Na kweli ulikuwa mvumo wa mashine ya kunyolea. Nikashusha volyumu. Ubeti ukaanza, ukaisha, kiitikio kikaingia, na mimi nacharaza kwa bidii zote kama mtu anayepiga ubao, kwa sababu nilisahau kuipandisha tena.

Gita lenyewe ni nakala ya Stratocaster, au Strat, gita la umeme la kampuni ya Fender; ni la mkono wa tatu au wa nne, nililouziwa na kijana aliyekuwa akiwapigia watalii Paje, kisha akaamua kwenda kutafuta maisha bara. Lina pikapu tatu, vile vinasa sauti vya chini ya nyuzi, zote za singo, yaani kila moja na koili yake moja: ya shingoni, ya kati na ya darajani. Ya darajani ilikuwa imekufa tangu siku ya kwanza. Muuzaji aliniambia, "Hiyo huihitaji," nami kwa ujana nikaona hayo ni maneno ya mjuzi.

Mzee aliyenifundisha gita huziita pikapu "maiki". Simkosoi, lakini maiki husikiliza hewa, na pikapu husikiliza chuma. Ndani yake mna sumaku, na kuizunguka sumaku umesukwa waya wa shaba, mizunguko maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, unautikisa na uga wa sumaku hiyo, na kwenye koili unazaliwa umeme mdogo sana ambao amplifaya huukuza. Uzuri wake ni huo, na ubaya wake ni huo huo: koili haijui kuchagua wageni. Umeme wetu wa nyumbani unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na kila taa ya mche, kila transfoma, kila jenereta iliyo karibu inaumwaga hewani. Koili inaupokea kama inavyoupokea wimbo.

Mvumo huo nilianza kuujua kwa jina mwisho wa 2009, Unguja ilipokaa miezi mitatu bila ya umeme wa kutoka bara, hadi Machi 2010. Harusi hazikusimama. Kila ukumbi ulileta jenereta yake, nyengine ya Kichina ya kubeba mkononi, ikafungwa nyuma ya jukwaa hatua tano kutoka kwa mpiga gita. Kwengine hata ethi, ule waya wa kuupeleka umeme ardhini, haikuwepo. Mwimbaji akisogeza midomo kwenye maiki anapigwa cheche na kuendelea na ubeti kama vile ni sehemu ya mapenzi. Mimi niligundua kwamba nikigeuka na kuutazama mlango wa kibla mvumo unapungua, nikigeukia jukwaa unarudi. Nikawa napiga harusi nzima nimewapa wageni bega. Dini haihusiki hapo. Koili ni kama antena ya redio ya zamani, ukiizungusha unapata upande ambao inasikia kidogo.

Baada ya Kikwajuni niliamua yatosha. Kwanza nikajaribu kuifufua ile ya darajani. Hewa ya hapa ina chumvi, na chumvi ikishapata upenyo kwenye waya wa shaba haiondoki mikono mitupu. Mita ilionesha njia imekatika. Nikaipeleka kwa fundi anayesuka mota za feni na pampu za maji, nikamwambia koili ni koili. Akaubandua mkanda, akauvuta ule waya kwa ukucha, akautazama kwenye mwanga wa mlangoni.

"Kijana, huu si waya. Huu ni moshi."

Waya wa pikapu una unene wa kama milimita 0.06, na kwenye singo ya Strat umezungushwa mara elfu saba na kitu, pengine elfu nane. Waya mwembamba kabisa aliokuwa nao yeye ulikuwa mnene mara kadhaa, na nafasi ile ingejaa kabla hata ya mizunguko elfu moja. Hakunitoza kitu. Aliomba tu abaki na ule waya awaoneshe vijana wake.

Basi nikaona ninunue mpya, na nikinunua mpya ninunue hambaka, dawa ya mvumo. Hambaka aliibuni Seth Lover, mhandisi wa kampuni ya magita ya Gibson, mwaka 1955. Alichukua koili mbili akaziweka pamoja, moja sumaku yake imetazama kaskazini na nyengine kusini, kisha akaziunganisha kwa kupishana. Mvumo unaoingia kwenye koili ya kwanza unaingia na kwenye ya pili, lakini umegeuzwa, kwa hiyo unajifuta. Sauti ya uzi haijifuti, kwa sababu yenyewe imegeuzwa mara mbili: mara moja na sumaku, mara moja na mzunguko wa waya. Ukigeuza kitu mara mbili kinarudi kilipokuwa. Nilisoma hayo, nikaelewa, nikayasahau. Baadaye yalinilipia.

Mtoto wa ami yangu anaishi Muscat. Nikamtumia ujumbe wa sauti: naomba uniletee pikapu moja, hata ya mkono wa pili sawa, mradi iwe nzima. Akakaa siku mbili ndipo akajibu. "Pikapu ipi, Toyota au Nissan? Na ushuru wa bandarini nani atalipa?" Tulipoelewana akaja nayo mwezi wa nne, DiMarzio iliyotumika, ndani ya soksi, kando ya kopo la halua. Halua ya Muscat kuletwa Zanzibar, hilo nalo tuliache.

Hambaka ni pana karibu mara mbili ya singo, kwa hiyo bamba la plastiki lilitaka kukatwa na mbao ichongwe. Bamba nililikata mwenyewe kwa msumeno mwembamba na kulisawazisha kwa tupa. Mbao nikampelekea seremala wa milango. Mtu anayechonga maua ya mlango wa Mji Mkongwe anashindwaje na kishimo cha gita? Akaligonga gita kwa kifundo cha kidole, akalisikiliza. "Hii si mbao, hii plaiwudi," akasema kwa masikitiko, kana kwamba nimemletea mgonjwa aliyecheleweshwa. Lakini patasi yake ilikwenda kama kisu kwenye papai. Kosa lilikuwa langu. Nilimpa upana na urefu, nikasahau miguu. Hambaka ina miguu miwili ya chuma pembeni inayopokea skrubu na springi za kuipandishia na kuishushia, na hiyo inashuka chini kuliko koili zenyewe. Nikarudi kesho yake achimbe vishimo viwili zaidi, na mara hiyo akanitoza.

Sasa nyaya. Singo ina nyaya mbili: mmoja unakwenda kwenye swichi ya kuchagulia pikapu, mwengine kwenye ethi. Hambaka yangu ilikuwa na nne za rangi na wa tano mtupu, ambao ni ngao na siku zote unakwenda ethi. Nikafungua simu, nikatafuta mchoro, nikapata ulio safi wenye rangi zote: mweusi kwenye swichi, mweupe na mwekundu washikane, kijani kwenye ethi. Nikalehemu usiku kucha, mke wangu ananishikia tochi ya simu na kupiga miayo. Asubuhi nikachomeka jeki.

Sauti ilitoka kama ya redio ya jirani kupitia ukutani. Nyembamba, haina tumbo, haina nguvu. Na nyuma yake, kifua mbele, ule mvumo. Tena mkubwa kuliko wa kabla.

Nilidhani nimeletewa mbovu. Nikamsema mtoto wa ami yangu moyoni, Mungu anisamehe. Kisha nikabeba gita, bamba likining'inia kwa nyaya, hadi Mlandege kwa mzee mmoja fundi redio ambaye bado anatengeneza kaseti za watu. Nikampa shikamoo, nikamweleza. Hakutazama gita, alitazama simu yangu.

"Mchoro huu ni wa pikapu hii?"

"Ni wa hambaka, maalim."

"Sikukuuliza hilo, mwanangu."

Mchoro ulikuwa wa Seymour Duncan. Pikapu ilikuwa ya DiMarzio. Rangi ni zile zile, mweusi, mweupe, mwekundu na kijani, lakini kila kampuni imezipa kazi yake. Kwa DiMarzio mwekundu ndio wa swichi, mweusi na mweupe ndio wanaoshikana, na kijani ndio ethi. Mimi nilipoufuata mchoro wa wenyewe, koili moja nikawa nimeiingiza kinyumenyume. Sasa ile hesabu ya Seth Lover imepinduka: sauti za nyuzi zinafutana, na mvumo unajumlishwa. Nilikuwa nimetengeneza chombo cha kunasa mvumo, kwa mikono yangu, na kwa tochi.

Kilichonifurahisha ni namna alivyothibitisha. Alikuwa na mita ya zamani, ya mshale, si hizi za tarakimu. Akaiweka kwenye kipimo kidogo kabisa, akaishika pikapu kwenye ncha za nyaya, akachukua bisibisi ya chuma akaigusisha kwenye safu ya kwanza ya vichwa vya chuma vya pikapu. Mshale ukaruka kulia. Akaigusisha kwenye safu ya pili. Mshale ukaruka kushoto. "Unaona? Hawa wako ndani ya nyumba moja na hawasemezani." Akafungua lehemu, akapanga upya, akagusa tena: kulia, na kulia. Dakika kumi. Siku hizi sifungi pikapu yoyote kabla ya kuigonga na bisibisi, hata iwe mpya na karatasi yake.

Nikarudi nyumbani na hambaka iliyopona. Nafasi ya darajani peke yake ilikuwa kimya, nene, tamu. Nilipiga nusu saa nzima bila ya kugusa swichi. Ndipo nikaipeleka swichi nafasi ya pili, hambaka pamoja na singo ya kati, ambayo ndiyo nafasi ninayoishi ndani yake siku hizi kwenye taarab, na besi yote ikaondoka.

Hapa nieleze kwa nini nafasi hiyo ni roho kwangu. Kwenye kundi letu wana fidla, akodiani, ganuni na kinanda cha umeme, wote wanagombea katikati ya sauti. Gita nene likiingia hapo linamkanyaga mwimbaji. Kinachotakiwa ni kitu chembamba chenye mlio wa kengele, kinachopita baina ya wengine kama mtoto baina ya miguu ya watu sokoni. Sauti hiyo pikapu moja haina. Inazaliwa pikapu mbili zikiwa wazi pamoja, kwa sababu kila moja inausikia uzi pahala pake, na baadhi ya mitetemo inafutana ikabaki ile inayokubaliana. Watu hudhani mbili zikiwashwa pamoja zitakuwa na kelele mara mbili. La. Zimefungwa sambamba, na mita itakwambia: hii elfu 6 ya omu, kipimo cha ukinzani wa umeme, na hii elfu 6, pamoja elfu 3. Sauti inakuwa laini zaidi na ya wazi zaidi.

Stratocaster za mwanzo, kuanzia 1954, hazikuwa hata na nafasi hiyo. Swichi ilikuwa ya nafasi tatu, moja kwa kila pikapu, na wapigaji wenyewe ndio waliogundua kwamba ukiisimamisha swichi katikati ya nafasi mbili, kwa kijiti au kwa bahati, unapata kitu kizuri. Kiwandani walikubali kuweka swichi ya nafasi tano mwaka 1977.

Basi kengele yangu ilikuwa imegeuka mbu. Nilishakuwa mjuzi kidogo: koili mbili za hambaka sasa zinakubaliana zenyewe kwa zenyewe, lakini hambaka nzima inapingana na jirani yake. Mafundi wa nje ya nchi wanaliita hilo suala la fezi, na ukilisema hivyo kwa fundi umeme wa majumbani atadhani nyumba yako ina fezi tatu. Dawa ni kubadilisha nyaya mbili: kijani uende swichi, mwekundu uende ethi, ngao ibaki palepale. Nusu saa. Besi ikarudi nyumbani.

Nilibahatika kwamba hambaka ilikuwa na nyaya nne. Rafiki yangu mwenye Telecaster, gita jengine la Fender, alitaka kufanya hivyo hivyo kwenye pikapu yake ya shingoni, ile yenye kofia ya chuma. Kofia imeunganishwa na waya wa ethi humo humo ndani. Akageuza nyaya, kofia nayo ikawa upande wa swichi, na kila akigusa kofia kwa ukucha amplifaya inapiga kelele kama paka. Ilibidi aukate ule muunganisho mdogo na kuipa kofia waya wake wenyewe wa ethi.

Sikuwa nimemaliza. Hambaka ilikuwa na nguvu mno mbele ya singo zangu za bei rahisi. Nikihama kutoka shingoni kwenda darajani ni kama mtu kafungua mlango wa karamu. Hilo halikuhitaji pesa, bisibisi tu. Niliishusha hambaka, nikazipandisha singo kidogo, nikapiga, nikashusha tena. Kipimo changu ni sarafu: naubana uzi kwenye kikwaru cha mwisho, kile kijiti cha chuma cha mwisho kwenye shingo ya gita, na kupenyeza sarafu baina ya uzi na pikapu. Ukizipandisha singo kupita kiasi, hasa zile zenye sumaku za fimbo, sumaku inauvuta uzi mnene na noti za juu zinakwenda kombo hata ukaze ufunguo vipi. Siku ya kwanza nililaumu nyuzi.

Volyumu ilinisumbua zaidi. Gita la singo kwa kawaida huwekewa volyumu ya kilo-omu 250, la hambaka 500. Sababu ni kwamba volyumu yenyewe inakula kidogo zile sauti kali za juu, na kadiri namba ilivyo ndogo ndivyo inavyokula zaidi. Kwa 250 hambaka yangu ilikuwa kama mtu anayezungumza na tonge mdomoni. Nikaweka 500, hambaka ikafunguka, na singo zikawa kali kama embe bichi bila ya pilipili na chumvi. Mzee wa Mlandege akatoa kopo la bati, akachambua rezista, vile vikinza umeme, kwa kidole, akanipa mbili zenye mistari ya manjano, zambarau, manjano. Kilo-omu 470. Moja kwenye singo ya shingoni, moja kwenye ya kati, kila moja baina ya waya wake wa swichi na ethi. Singo ikiwashwa, rezista yake inaungana na ile 500, na kwa pamoja zinakuwa kama 240. Ikizimwa, rezista inaondoka nayo, hambaka inabaki na 500 yake. Bei ya rezista mbili hakuitaja. Singo zote mbili zikiwa pamoja mzigo unazidi na sauti inalainika kupita ilivyoandikwa vitabuni. Wengine watasema ni kasoro. Mimi ndiyo ninayoipigia nyimbo za taratibu.

Lakini hiyo nafasi, shingoni na kati, ilikuwa bado inavuma. Hambaka haimo humo, dawa yangu ya Muscat haifiki. Nikamlalamikia mzee. Akaniuliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza kabla ya kutuma ujumbe wowote Oman:

"Hizi singo zako mbili, sumaku zake zinatazama upande mmoja?"

Ami yangu ni nahodha, na ana dira ndogo ambayo haimpi mtu. Nilimwambia ni ya dakika tano, na akaja nayo mwenyewe, akasimama mlangoni mikono nyuma. Nikaipitisha juu ya pikapu ya shingoni: ncha nyekundu ikavutwa. Juu ya ya kati: ikavutwa vilevile. Ndugu mapacha. Ami akaichukua dira yake, akaitikisa, akaitazama mpaka sindano ikatulia kaskazini, ndipo akaondoka.

Kwenye seti nyingi za kisasa pikapu ya kati hutengenezwa kinyume, sumaku kinyume na mzunguko kinyume, ili nafasi ya pili na ya nne zifanye kazi ya hambaka. Yangu ilikuwa ya rahisi, zote tatu zimetoka kwenye sinia moja. Ila urahisi huo una faida yake: sumaku si fimbo sita zilizopigiliwa ndani ya koili, ni kipande kimoja cha kauri kilichogandishwa chini kwa gundi. Nikaitoa pikapu ya kati, nikapitisha wembe chini ya kile kipande taratibu, nikishika pumzi kwa sababu ule moshi wa shaba uko unywele mmoja kutoka kwenye wembe. Kikabanduka. Nikakipindua, juu kikawa chini, nikakigandisha tena. Kisha nikabadilisha nyaya zake mbili. Sauti imegeuzwa mara mbili, ikarudi ilipokuwa. Mvumo hauijui sumaku, unaijua koili tu, kwa hiyo wenyewe umegeuzwa mara moja.

Nikachomeka jeki, swichi shingoni: mmmmm. Swichi kati: mmmmm. Swichi baina yake: kimya. Nikadhani jeki imetoka. Nikapiga uzi, na kengele ikalia.

Nilikaa pale kwenye busati muda mrefu kuliko inavyostahili. Sumaku ya bure, gundi na wembe. Mvumo wa Kikwajuni ulikuwa unatibika hivyo, bila ya Muscat, bila ya seremala, na bila ya kumsengenya mtoto wa ami yangu.

Hambaka sikuitoa, ina kazi yake nikienda kupiga Paje, watalii wanapotaka gita lilie. Tena niliifungia kitasa cha kuvuta kwenye toni: ukikivuta, koili moja ya hambaka inazimika na nyengine inapiga kama singo pamoja na ya kati. Hapo pia nilikosea mara ya kwanza, nikabakisha koili ambayo sumaku yake inatazama upande mmoja na ya kati, na mvumo ukarudi. Ukiupeleka ule mshikano wa mweusi na mweupe kwenye ethi inabaki koili moja, ukiupeleka upande wa swichi inabaki ya pili. Nikauhamisha. Dira sikuomba tena, nilijua jibu kwa masikio.

Mwezi wa Ramadhani harusi hakuna, na bamba liko wazi tena. Nataka kujua singo ya shingoni na ya kati zitasemaje zikifungwa kwa mfuatano badala ya sambamba, elfu 6 na elfu 6 ziwe elfu 12. Mke wangu ameshasema lehemu ikimwagika tena kwenye busati nitahamia Mlandege na vifaa vyangu. Skrubu za bamba ni kumi na moja, nimezitia kwenye kikombe cha kahawa. Nimezihesabu mara mbili, na mara zote mbili zimekuwa kumi.